Nahodha Naye Ana Mwili

Timu ikifungwa, nani anasemwa wa kwanza? Nahodha. Kwenye kriketi ndiyo kabisa, maana kule nahodha si mtu wa kuvaa kitambaa na kumpa refa mkono tu. Yeye ndiye anayepanga nani arushe mpira na nani asimame wapi, na akishinda kura ya sarafu ndiye anayeamua timu ianze kupiga au kurusha. Mambo yakienda kombo, uwanja mzima unajua uamuzi ulikuwa wa nani.

Chukua Richie Richardson. Alipokea unahodha wa West Indies kutoka kwa Viv Richards, na timu ile ilikuwa haijapoteza mfululizo wa mechi za siku tano tangu 1980. Mzigo huo! Mwaka 1994 mwili ukagoma. Madaktari wakamwambia ana uchovu mkali, apumzike, na Courtney Walsh akaongoza timu India badala yake. Richardson akarudi 1995, na mwaka huohuo Australia ikawafunga nyumbani kwao. Maneno yakazidi.

Halafu ikaja Februari 29, 1996, mjini Pune, India, kwenye Kombe la Dunia. Kenya chini ya Maurice Odumbe ilipata mikimbio 166 tu. West Indies wakatolewa wote kwa 93! Nairobi ilikuwa shangwe, lakini kule visiwani Richardson alisemwa vibaya. Siku nne baadaye, mtu yuleyule akapiga mikimbio 93 bila kutolewa na Australia ikalala. Hata hivyo, mashindano yalipoisha aliuacha unahodha.

Sasa, lawama zinaufanya nini mwili? Ukizomewa, mwili unamwaga homoni za hatari: moyo unadunda, misuli inakaza, tumbo linavuruga. Kwa muda mfupi si mbaya, unakuwa macho. Shida ni pale maneno yanapoendelea wiki baada ya wiki na mwili haupati nafasi ya kutulia. Usingizi unakata, chakula hakipandi, kichwa kinauma, unamfokea kila mtu. Na mtu asiyelala huamua vibaya, kwa hiyo anakosea tena, na anasemwa tena. Watu huona kosa tu, usiku wake hawauoni.

Kwa hiyo wewe unayeongoza timu ya shule au ya mtaa, chambua unachoambiwa. "Ulimwacha yule arushe muda mrefu mno" ni ukosoaji, unaweza kuufanyia kazi. "Huna akili" ni tusi, halina cha kukufundisha. Tafuta mtu mmoja unayemwamini, kocha au dada yako, umweleze. Na kama wiki mbili zimepita hulali vizuri, nenda kituo cha afya. Ukianza kuwaza kufa, usingoje hata kesho: mwambie mtu mzima leo.

Wengi huogopa kwamba ukiomba kupumzika utapoteza namba. Ben Stokes wa Uingereza alisimama kucheza Julai 2021 ili aitunze akili yake, na alisema wazi kwamba ndiyo sababu. Alirudi miezi michache baadaye, na Aprili 2022 akapewa unahodha.