Dawa za kupunguza uzito: ukifikia lengo, unaziachaje?

Mtu aliyekuwa na kilo 100 anajichoma sindano moja kila wiki kwa mwaka mmoja na zaidi. Nguo zinampwaya, magoti hayamsumbui tena anapopanda ngazi, na mizani inaonyesha kilo 83. Hapo ndipo linapoibuka swali ambalo huenda hakuliuliza siku ya kwanza: dawa hii naiacha lini, na naiacha vipi? Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Kwa dawa hizi za kizazi kipya, ngoma huanza siku lengo linapofikiwa.

Dawa zinazozungumziwa zaidi ni mbili. Ya kwanza ni semaglutidi, inayotengenezwa na kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark na kuuzwa kwa jina la Ozempic kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili, na Wegovy kwa wanaotibiwa unene. Ya pili ni tirzepatidi ya kampuni ya Eli Lilly ya Marekani, inayojulikana kama Mounjaro au Zepbound. Marekani iliidhinisha Wegovy mwezi Juni 2021 na Zepbound mwezi Novemba 2023. Uhitaji wake hauna shaka: Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa mwaka 2022 watu wazima milioni 890 duniani walikuwa na unene wa kupindukia.

Dawa hufanya kazi gani mwilini?

Tunapokula, utumbo hutoa homoni iitwayo GLP-1. Homoni hiyo huliamuru kongosho kutoa insulini sukari inapopanda, hupunguza kasi ya tumbo kutoa chakula, na huufahamisha ubongo kwamba tumeshiba. Ile ya asili hudumu dakika chache tu. Semaglutidi huiga kazi hiyo, lakini hukaa mwilini muda mrefu, kwani nusu yake huondoka baada ya takriban wiki moja.

Jambo hili huwapotosha wengi wanaoacha ghafla. Baada ya sindano ya mwisho, dawa huchukua wiki tano hivi kuisha mwilini. Wiki ya kwanza na ya pili mtu huona hajabadilika, akajiambia kuwa amekwisha kupona. Kisha hamu ya kula hurudi polepole: sahani inaongezeka kidogo, usiku anaamka kutafuta chakula, na fikra za chakula zilizokuwa zimenyamaza zinaanza tena.

Majaribio yanaonyesha nini?

Katika jaribio kubwa la semaglutidi lililochapishwa mwaka 2021 na kuhusisha watu 1,961, waliopewa dawa walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao ndani ya wiki 68. Baadhi ya washiriki wakafuatiliwa kwa mwaka mmoja zaidi baada ya dawa na ushauri wa lishe kusimamishwa. Katika kundi hilo, waliokuwa wametumia dawa walikuwa wamepunguza asilimia 17.3, lakini mwaka ulipokwisha walibakiwa na upungufu wa asilimia 5.6 tu. Kwa yule mtu wetu wa kilo 100, maana yake ni kupoteza kilo 17 na kurudisha karibu 12. Mafanikio mengine pia, kama vile kushuka kwa shinikizo la damu, yalirudi nyuma.

Jaribio la tirzepatidi lililotangazwa Desemba 2023 lilileta picha hiyo hiyo. Watu 670 walipungua kwa wastani wa asilimia 20.9 katika wiki 36, kisha wakagawanywa makundi mawili bila kujua nani yuko wapi. Walioendelea na dawa walizidi kupungua. Waliohamishiwa sindano isiyo na dawa waliongezeka kwa asilimia 14 ndani ya mwaka mmoja.

Si uvivu, ni mwili unaojilinda

Anayerudiwa na uzito mara nyingi hulaumiwa na jamaa, na hujilaumu mwenyewe, kwamba hana nidhamu. Sayansi haiungi mkono lawama hiyo. Watafiti wa Melbourne, Australia, walionyesha mwaka 2011 kwamba watu 50 waliopungua kwa kula chakula kidogo sana kwa wiki 10 walikuwa bado, mwaka mmoja baadaye, na homoni zilizobadilika kwa namna inayochochea njaa. Mwili huona kupungua kama upungufu wa akiba, ukafanya bidii kuirudisha. Dawa huituliza bidii hiyo kwa muda inapotumika, haiifuti.

Mfano ulio karibu nasi ni dawa za shinikizo la damu. Vipimo vikirudi kawaida, daktari hasemi maradhi yameondoka, husema yamedhibitiwa. Ndiyo maana mwongozo wa WHO wa Desemba 2025 unazitaja dawa hizi kuwa sehemu ya matibabu ya muda mrefu kwa watu wazima wenye unene, isipokuwa wajawazito, na unasisitiza kwamba dawa peke yake haitoshi.

Kushusha kidogo kidogo

Hata hivyo, si kila mtu anaweza au anataka kuchoma sindano maisha yake yote. Wapo wanaoshindwa na gharama, wanaosumbuliwa na kichefuchefu na kutapika, na wanaotaka kupata mtoto. Kwao, madaktari wengi hushauri kushuka ngazi kwa ngazi. Wegovy huanzishwa kwa miligramu 0.25 na kupandishwa kila baada ya wiki nne hadi 2.4, katika kushuka, daktari anaweza kuzirudia ngazi hizo kinyumenyume, au kurefusha muda kati ya sindano na sindano. Dawa hizi hazileti uraibu. Lengo la kushuka polepole ni kumpa mtu nafasi ya kuitambua njaa inaporudi na kujifunza kuikabili kabla haijawa kubwa. Wengine huishia kwenye kipimo kidogo kinachotosha kuushikilia uzito, wakabaki hapo.

Ushahidi wa njia hii bado ni mchanga. Mwezi Mei 2024, katika kongamano la Ulaya kuhusu unene lililofanyika Venice, Italia, kliniki moja ya Denmark ilieleza kuwa wateja wake walioishusha semaglutidi kwa wastani wa wiki tisa, huku wakisaidiwa katika lishe na mazoezi, hawakurudisha uzito katika miezi sita ya mwanzo. Lakini waliofuatiliwa hadi hapo walikuwa 85 tu, na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Ni habari ya kutia moyo, si hukumu ya mwisho.

Ushahidi kuhusu mazoezi una mizizi zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen walifuatilia watu waliotumia dawa ya jamii hiyo hiyo, liraglutidi. Mwaka mmoja baada ya kuacha, waliokuwa wameichanganya na mazoezi yenye usimamizi waliulinda uzito wao vizuri kuliko waliotegemea dawa peke yake. Sehemu ya uzito unaopotea ni misuli, nayo hujengwa kwa kazi na kwa protini: maharage, dagaa, mayai, samaki. WHO hupendekeza dakika 150 au zaidi za mwendo wa wastani kila wiki, na kuimarisha misuli angalau siku mbili.

Kabla ya kuacha

Mwenye kisukari asiiache dawa hii kwa uamuzi wake, kwani sukari inaweza kupanda kabla uzito haujaonekana kuongezeka. Aliyepunguziwa dawa za shinikizo la damu alipokonda apime mara kwa mara, maana huenda akazihitaji tena. Mwanamke anayetumia semaglutidi na anayekusudia kushika mimba anatakiwa kuiacha angalau miezi miwili kabla.

Na dawa ikikatika kwa ukosefu wa fedha, njia ya mkato ni hatari. Juni 2024 WHO ilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizogunduliwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kalamu iliyonunuliwa mtandaoni, au iliyosafiri kwenye mzigo bila ubaridi, haina wa kuithibitisha. Aliyekosa sindano kwa wiki kadhaa naye asirejee kwenye kipimo kikubwa alichokiacha bila kumwona daktari; mara nyingi hulazimika kuanza chini upya.

Swali la namna ya kuacha, basi, ni la kuulizwa siku ya kuanza. Nitaitumia kwa muda gani? Nitaimudu kwa fedha zipi? Nani atanipima nikiishusha, na kilo ngapi zikirudi nitamrudia daktari? Mwenye majibu hayo mkononi atakapofikia lengo hatalazimika kubahatisha.