Saa Inayosikiliza Redio ya Mbali

Mnakumbuka ile asubuhi ya mitihani ya mwezi wa 12, kengele ya saa kumi na moja ilipolia saa kumi na mbili. Tulioga polepole, tukafika darasani tukakuta karatasi zimekwisha kugawanywa. Mwenzetu wa kengele hakulala. Ni saa mpya ya kuamsha, ile tuliyoletewa na mgeni kutoka Ujerumani, ndiyo ilitudanganya. Tumeichunguza, na sasa tunataka kueleza juu ya nini.

Ndani ya saa hii mna redio ndogo. Haisemi wala haiimbi: inasikiliza kituo kimoja tu, DCF77, kilichoko Mainflingen, karibu na Frankfurt. Kila dakika kituo hiki kinatuma saa na tarehe, kikifuata saa za atomu. Kule kwao saa inakisikia usiku na kujirekebisha yenyewe.

Lakini mawimbi hayo yanafika kilomita 2,000 hivi, na kutoka Frankfurt mpaka Uvira ni zaidi ya kilomita 6,000. Kwetu inasikiliza bure, basi ilibaki na saa ya Ujerumani. Wakati wao wa baridi, Ujerumani iko nyuma yetu kwa saa moja. Tangu Jumapili ya mwisho ya mwezi wa 3 mpaka ile ya mwezi wa 10 wanasogeza saa zao mbele, na hapo tuko sawa. Mgeni angekuja mwezi wa 7, hatungejua kitu!

Je, tuitupe? Hapana. Hata bila kituo inatembea vizuri. Saa za namna hii zinapotea sekunde 15 hivi kwa mwezi. Tufanye hivi:

1. Tia majiwe mapya. Itatafuta kituo kwa dakika chache. Iache mpaka ichoke.

2. Finya kidude cha kurekebisha, ushikilie mpaka namba zianze kuwaka na kuzima. Hapo utaweka saa kwa mkono.

3. Fungua BBC ya Kiingereza, ungoje ile milio sita. Mlio wa mwisho, ule mrefu, unapoanza, ndipo saa inaingia. Wakitaja GMT, ongeza saa 2. Ukisikia saa ya Kinshasa, ongeza 1. Ukisikia ya Kigoma, ng'ambo ya ziwa, punguza 1. Bujumbura na sisi ni sawa.

4. Kwa kuamka saa kumi na moja ya alfajiri, andika 5:00. Usiandike 11:00! Saa hii inahesabu tangu usiku wa manane, nayo itakuamsha jua likiwa juu ya kichwa.

Toka sasa, kila Jumamosi jioni wenzetu wawili watailinganisha na redio. Na wewe mwenye saa ya mkono, uilinganishe pia, ili mitihani ya mwezi wa 6 tusikute tena karatasi zimetutangulia.