Njia kimya za baiskeli zinavyouza jozi za wakulima wa Périgord

SAA nne ya asubuhi mwezi Juni, katika barabara nyembamba inayotoka kijiji cha Cadouin kuelekea mji mdogo wa Monpazier, gari moja linaweza kupita na baada ya hapo pakawa kimya kwa muda mrefu. Kulia na kushoto ni msitu wa mialoni na miti ya chestinati. Kinachosikika ni ndege, na mara moja moja mlio wa mnyororo wa baiskeli inayobadilishwa gia ili kukabili kilima. Wanaopita ni wastaafu wa Kidachi, mke na mume kutoka Ujerumani, vijana wa Paris walioko likizo. Kila mmoja amefunga mifuko miwili nyuma ya baiskeli, ana njaa, na ana pesa.

Hapo ni Périgord, kusini-magharibi mwa Ufaransa, eneo ambalo kiutawala ni mkoa wa Dordogne. Zaidi ya asilimia 40 ya ardhi yake ni msitu, na sehemu kubwa ya msitu huo ni mali ya watu binafsi, vipande vidogo vidogo vilivyorithiwa kutoka kwa mababu. Zamani chestinati ndiyo iliyokuwa mkate wa maskini wa huko, na matawi yake yalitoa vigingi vya mizabibu na pete za kufungia mapipa ya mvinyo. Leo msitu huohuo una kazi nyingine ambayo haikupangwa na mtu: kumpa kivuli mgeni anayekwenda mwendo wa kilomita 15 kwa saa.

Ukimya huo una sababu zake. Ufaransa ina barabara zenye jumla ya urefu wa karibu kilomita milioni 1.1, na kiasi cha kilomita 700,000 kati ya hizo ziko chini ya halmashauri ndogo za vijiji na miji. Nyingi zimetiwa lami hadi kwenye mashamba ya mwisho kabisa. Watu wengi wa vijijini walihamia mijini katika karne ya 20, malori yakahamia barabara kuu, lakini lami ikabaki. Katika ramani za kampuni ya Michelin barabara hizo huchorwa kwa rangi nyeupe, na mwendesha baiskeli mzoefu huanza kupanga safari yake kwa kutafuta nyeupe na kukwepa nyekundu.

Aidha, zipo reli zilizokufa. Njia ya reli ya zamani iliyotoka Sarlat kuelekea mashariki hadi Cazoulès iling'olewa vyuma na kugeuzwa njia ya watembea kwa miguu na baiskeli. Tangu mwaka 2004 sheria ya usalama barabarani ya Ufaransa inazitambua rasmi njia za aina hiyo, ambazo Wafaransa huziita "njia za kijani". Kwa kuwa treni haiwezi kupanda mlima mkali, njia hizo ni tambarare, na ndizo zinazowafaa wenye watoto.

Wafaransa wenyewe walianza zamani. Mbio za Tour de France zilianzishwa mwaka 1903 na gazeti lililokuwa likitafuta wasomaji. Mwaka 1936 sheria iliwapa wafanyakazi wiki mbili za likizo yenye malipo, na maelfu yao wakatoka mijini kwa baiskeli kwenda kuona nchi yao kwa mara ya kwanza. Mbio hizo nazo zilipita Périgord mwaka 2017, kutoka Périgueux hadi Bergerac, huku fulana ya njano ikiwa mgongoni mwa Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, ambaye mwaka huo alitwaa ubingwa kwa mara ya nne. Hata hivyo, wanaoleta riziki vijijini si wanariadha hao. Wao hupita kwa kasi na hawanunui kitu.

Mzunguko mmoja unaopendwa huanzia kituo cha treni cha Le Buisson, ukapita Cadouin, Monpazier na Belvès na kurudi, kiasi cha kilomita 60. Kijana anaumaliza kwa siku moja. Anayejua thamani ya kukaa atautumia siku tatu.

Cadouin ina habari ambayo mfanyabiashara yeyote angefaa kuisikia. Abasia yake ilianzishwa mwaka 1115, na kwa karne nyingi kijiji kiliishi kwa kipande kimoja cha kitambaa kilichoaminiwa kuwa kilifunika kichwa cha Yesu kaburini. Mahujaji walikuja kwa wingi, na wenye nyumba za kulala wageni wakala vizuri. Mwaka 1934 wataalamu walipoyasoma maandishi yaliyofumwa kwenye kitambaa hicho, ilibainika kwamba ni Kiarabu cha mtindo wa Kufi. Kitambaa kilifumwa Misri, enzi za khalifa al-Musta'li wa ukoo wa Fatimiya, aliyetawala kati ya mwaka 1094 na 1101. Kanisa lilisimamisha hija, na biashara ya kijiji kizima ikakatika. Abasia iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1998, na sasa kitambaa hicho ni cha kutazamwa tu.

Kutoka hapo barabara inaingia Bessède, msitu mzito wenye paa na nguruwe mwitu. Msimu wa vuli ni wa wawindaji, na mwenye busara huvaa nguo za rangi kali. Uyoga mkubwa uitwao cèpe huota chini ya miti, na wageni hushawishika kuuchuma. Msitu una wenyewe, mabango yameandika hivyo, na uyoga huo huuzwa kwa bei nzuri katika soko la Villefranche-du-Périgord.

Monpazier ni mji uliojengwa kwa ajili ya biashara. Ulianzishwa mwaka 1284 na Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza, ambaye pia alikuwa mtawala wa Aquitaine. Ili kuwavuta wakulima na wachuuzi, watawala wa zama hizo waligawa viwanja vya ukubwa sawa na kutoa nafuu za kodi. Mitaa imenyooka kama imepigwa rula. Kati ya nyumba na nyumba kuna upenyo mwembamba, usiozidi upana wa mabega ya mtu, ulioachwa kuzuia moto usiruke. Katikati ni uwanja wenye vibaraza vya matao, na chini ya paa la mbao la soko bado vipo vipimo vya nafaka vya zamani. Muuzaji na mnunuzi walipimiana hapo mbele ya macho ya watu, na lumbesa haikuwa na pa kujificha. Soko bado hufanyika kila Alhamisi.

Ni katika masoko kama hayo, na kwenye malango ya mashamba, ndipo jozi zinapouzwa. Jozi za Périgord zina hadhi ya kulindwa kisheria tangu mwaka 2002: haziwezi kuitwa hivyo ila zimetoka eneo lililopimwa na ni za aina nne tu, yaani Franquette, Marbot, Corne na Grandjean. Hata hivyo, jina halikuzuia balaa. Baada ya mavuno ya mwaka 2022 bei ya jumla ya jozi Ufaransa iliporomoka, huku soko la dunia likiwa limejaa mazao ya California, Chile na China. Wafugaji wa bata nao walipigwa na mafua ya ndege mwaka huohuo, hadi serikali ikaanza kuchanja bata Oktoba 2023. Mkulima aliyetegemea mnunuzi wa jumla peke yake alibaki na magunia ghalani.

Mwenye njia ya baiskeli mbele ya lango lake alikuwa na pa kuegemea. Lita moja ya mafuta ya jozi huhitaji kiasi cha kilo mbili za kokwa, yaani karibu kilo tano za jozi zenye maganda, na chupa ya mafuta hayo huuzwa kwa bei ambayo gunia haliioni. Lakini mwendesha baiskeli hanunui lita. Mifuko yake ina nguo, koti la mvua, pampu na vifaa vya pancha, na kila gramu anaijua anapopanda kilima. Kwa hiyo aliyeelewa soko hilo hujaza chupa ndogo, hufunga kokwa katika pakiti zinazoingia mfukoni, na huuza keki ya jozi kwa kipande. Mgeni akiridhika na ladha, hurudi mwaka mwingine na gari, au huagiza apelekewe nyumbani.

Takwimu zilizotolewa Ufaransa mwaka 2020 zilionyesha kwamba mtalii wa baiskeli hutumia wastani wa euro 68 kwa siku, zaidi ya mtalii wa kawaida. Sababu inaeleweka. Hawezi kwenda kutafuta duka kubwa umbali wa kilomita 20, wala kulala mahali pengine jioni ikishaingia. Hununua palipo karibu, kila siku upya.

Ipo alama ya kitaifa iitwayo Accueil Vélo inayowekwa kwenye nyumba za wageni na mikahawa. Ili kuipata, mwenye nyumba awe ndani ya kilomita 5 kutoka njia rasmi, awe na mahali pa kufungia baiskeli salama, vifaa vya matengenezo madogo, na kifungua kinywa cha kumshibisha mtu atakayekanyaga pedali kutwa. Siku hizi huulizwa pia soketi ya umeme, kwani baiskeli za betri zimewawezesha wenye umri wa miaka 70 kupanda vilima ambavyo wangevikwepa. Vyumba viwili vya ziada katika nyumba ya shamba vinatosha kuanzia. Kazi ya kutandika na kupika usiku na alfajiri, msimu ambao bustani nayo inadai jasho, ndiyo inayowashinda wengi.

Kasoro zipo. Mikahawa mingi ya vijijini imefungwa kabisa, na iliyobaki huenda isifungue Jumatatu. Wazoefu hujaza maji kwenye mabomba ya makaburini, ambayo karibu kila kijiji kinayo. Julai na Agosti joto huwa kali, na kufikia Oktoba wageni wamepungua sana.

Na Oktoba ndipo jozi zinapoanguka. Kwa hiyo mkulima huuza sehemu ya mavuno mabichi kwa mnunuzi wa jumla, kwa bei anayopewa, na nyingine huikausha. Majira ya baridi familia huketi mezani na nyundo ndogo za mbao, wakivunja jozi moja moja ili kokwa itoke nzima. Zilizovunjika huenda kinuni kukamuliwa mafuta. Nzima hufungwa kwenye pakiti na kusubiri mwezi Mei.