Kinyago cha fundi, jina la fundi halipo

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kwa dhati, nyumba mpya zimeota kila upande wa jiji, na sebule zake zinahitaji vitu. Tangu 2024 treni ya reli ya kisasa (SGR) inaleta wageni kutoka Dar es Salaam asubuhi na kuwarudisha jioni. Wauza vinyago wamezoea kumtegemea mtalii wa pwani na Arusha. Mteja huyu wa Dodoma bado hajahudumiwa ipasavyo.

Nasema hasa juu ya vinyago vya zamani vya Kimakonde vya mtindo wa binadamu: mama anatwanga, mhunzi kashika nyundo, mzee kajiinamia na kiko chake. Vilikuwa vikiuzwa hata kabla mchongaji Samaki Likankoa hajaanzisha mtindo wa shetani miaka ya 1950. Wagogo, wenyeji wa Dodoma na mafundi wa zeze na ilimba, hawana desturi hiyo ya uchongaji, hivyo bidhaa lazima isafirishwe.

Mnunuzi makini hukipima kinyago mkononi. Mpingo halisi ni mzito kiasi cha kuzama majini, moyo wake mweusi, na mara nyingi fundi huacha ukingo wa njano kwenye gome. Mti mweupe uliopakwa kiwi ukiusugua kwa kitambaa kibichi, kitambaa kinachafuka. Kisha akigeuze: chini, mara nyingi, hakuna jina, mwaka wala kijiji.

Hapo ndipo fedha inapopotea. Ujerumani, kiwanda cha Meissen kimechora panga mbili zilizopishana chini ya kauri zake tangu miaka ya 1720, zikiwemo sanamu za wachuuzi wa mitaa ya Paris. Uingereza, Royal Doulton walianza kuzipa sanamu namba mwaka 1913. Sanamu ya bibi muuza maputo, kwa mfano, ni HN 1315, na wakusanyaji wawili wasioonana wanaweza kukubaliana bei kwa namba hiyo tu. Kwetu bei hufuata ukubwa wa kinyago na ubishi wa mteja.

Tangu Januari 2017 mpingo umo katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na shehena kubwa za kibiashara za nje zinadai vibali. Karatasi zimeshazoeleka, basi. Iongezwe moja: jina la mchongaji, mahali, mwaka. Kwa vinyago vya zamani, waulizwe watoto wa wachongaji sasa, wakingali wanatambua mkono wa baba zao.