Mashine Imenyamaza? Usikimbilie Luthuli Bado

Kila mbogi siku hizi iko na mse mmoja mwenye keja yake ndio studio. Lappy ya eksi-UK, maiki ya kondensa, blanketi nzito imegongwa misumari kwa ukuta iue mwangwi, na FL Studio ndani. Ngoma, podikasti, hadi matangazo ya bash, zote zinapikwa hapo. Halafu ikifika ile saa biti imeshika na mistari iko kwa ulimi, mashine inanyamaza jii. Ama inacheza ngoma fiti lakini haitaki kurekodi. Ama inarekodi na kitu unaskia ni mikwaruzo tupu.

Wengi hapo wanachomoka tao, Luthuli, na doo ya rent kubuy kitu mpya. Zi, tulia. Mara mingi hakuna kitu imeharibika, ni sauti imepitishwa mlango ingine. Windows iko na tabia za konda wa mathree: abiria mpya akipanda, wewe wa kitambo unasongeshwa bila kuulizwa. Dunga monita na waya ya HDMI, na hata kama hiyo monita haina spika hata moja, sauti inaweza tumwa huko. So kabla uguse kitu yoyote, finya kale kaspika kako chini kulia karibu na saa, ucheki jina ya kifaa yenye imechaguliwa. Kama si yenye umevaa kwa maskio, badilisha. Imeisha.

Kurekodi ndio iko na mchezo mingi. Lappy yako tayari iko na maiki ndogo hapo kando ya kamera, na hiyo ndio inapendanga kujichagua. Kujua mashine inaskiza nani, fungua programu ya kurekodi kama Audacity, anza kurekodi, halafu kwaruza na kucha wavu ya maiki yako, polepole. Sasa kwaruza hapo kando ya kamera. Pahali mawimbi yameruka ndio mashine imetega sikio. Kuna wasee wamerekodi EP mzima na maiki ya lappy, ile ya bei kali iko hapo mbele yao ni pambo tu, na bado wanashangaa mbona feni inaskika kuliko wao.

Sasa cheki ule mstari wa mawimbi wenyewe, ukiongea. Kama umelala kabisa, hautingishiki hata kidogo, kuna kitu imefunga mlango: maiki iko myuti, ama Windows imezima ruhusa. Tangu Windows 10 kuna swichi kwa seting za faragha yenye inaruhusu programu zitumie maiki, na ikizimwa unaeza rekodi kimya tupu bila kuonyeshwa onyo lolote. Lakini kama mstari unatetemeka kiasi, kuna kavumo ka mbali, njia iko wazi na maiki ndio haina nguvu. Kondensa ya kudungwa kwa intafesi, kale kaboksi ka kuunganisha maiki na lappy, inataka volti 48 kutoka hapo, na kuna kabatani kameandikwa 48V kenye watu hulenga. Kafinye. Kama hiyo pia ni sawa, panda geini.

Wenye mko na deskitopu ya kitambo, cheki pini ya iafoni zenu. Zenye zimekuja na simu ziko na pete tatu nyeusi, yaani spika na maiki zimepangwa kwa pini moja. Deskitopu nayo iko na tundu mbili, kijani ya spika na pinki ya maiki. Ukidunga kwa kijani utaskia ngoma, lakini maiki haiendi popote. Unahitaji kawaya ka kugawanya, kenye kako na mikia miwili.

Bluetooth nayo mimi siiamini kwa kurekodi, na sibadilishi. Maiki yake ikiwashwa tu, iafoni mingi zinahama kwa mfumo wa simu, ngoma inakuwa mono na besi inapotea. Skizia nayo, lakini ongelea kwa maiki ingine. Na kama ngoma inashuka kila ukipigiwa simu ya mtandaoni, finya Windows na R, andika mmsys.cpl, ingia Communications, chagua Do nothing. Bila hivyo Windows inakata sauti zingine kwa asilimia 80, ikidhani inakusaidia.

Kuchelewa na mikwaruzo ni ndugu. Ukirap halafu sauti yako ifike kwa maskio nyuma ya biti, bafa, yaani foleni ya sauti kabla prosesa iishike, imekuwa kubwa. Bafa ya sampuli 128, kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde, ni karibu milisekunde 3, huwezi skia. Sampuli 1,024 ni kama 23, na hapo floo inakuponyoka. Lakini ukishusha sana, prosesa inashindwa na mikwaruzo inaanza. Rekodi na 128, ukifika kumiksi panda hadi 512. Tumia draiva ya ASIO ya wenye walitengeneza intafesi yako. Kama hauna intafesi, ASIO4ALL ni ya bure. Zile programu zinakuambia zitaapudeti draiva zako zote kwa kufinya mara moja, hizo achana nazo, ni vurugu.

Ukiskia mngurumo mzito wenye haubadiliki, chomoa chaja urekodi na betri. Ukiisha, hiyo ni stima, hertzi 50, inapitia kwa waya. Jaribu soketi ingine, na usiwahi kata pini ya athi juu mse wa YouTube amesema. Hiyo pini ndio inazuia stima isikupige.

Ikibaki sasa ile ya kuzungusha pini na sauti inakuja ikienda, hiyo ni tundu imelegea, na hakuna seting itaikaza. Kadi ndogo ya sauti ya USB itakusukuma bila kufungua mashine. Ukitaka tundu yenyewe irudi, sasa enda Luthuli. Na ukifika usiambie fundi "haitoi sauti." Mwambie solda ya tundu ya hedfoni imeachia, juu ile ya kwanza iko na bei yake.