Muundo wa Molekuli na Rangi Zing'aazo: Mchango wa Tarakilishi

Utangulizi

Alfajiri, katika barabara za vumbi za Kaptagat karibu na Eldoret, mwanariadha aliyevaa fulana ya kijani-manjano huonekana kabla ya mwenzake aliyevaa nguo ya kawaida. Makala haya yanafafanua asili ya mng'ao huo, namna muundo wa molekuli unavyouathiri na jinsi tarakilishi inavyoutabiri.

Dhana ya Floresensi

Rangi ya kawaida hufyonza sehemu ya nuru na kurudisha iliyosalia. Rangi yenye floresensi hufanya zaidi ya hayo: hufyonza nuru ya samawati na miale ya urujuanimno isiyoonekana, kisha hutoa nuru yenye nishati pungufu ambayo jicho huiona vyema. Ndiyo maana fulana hiyo huonekana kana kwamba ina mwanga wake yenyewe. Hata hivyo, pasipo nuru ya kufyonzwa hapana floresensi. Anayekimbia usiku huhitaji ukanda unaoakisi taa za magari.

Nafasi ya Muundo

Mwanafunzi wa Kiswahili anafahamu kwamba mofimu moja hugeuza maana ya kitenzi: piga si sawa na pigwa. Katika Kemia, atomu moja yaweza kuleta tofauti kama hiyo. Finolftalini, kiashiria ambacho wengi walikiona kikigeuka waridi katika maabara ya shule ya upili, inakaribiana sana kimuundo na fluoresini. Zote mbili ziliundwa na Adolf von Baeyer mwaka wa 1871. Tofauti kuu ni atomu ya oksijeni inayounganisha pete mbili za fluoresini mithili ya daraja. Bila daraja hilo, pete za finolftalini hujizungusha na nishati iliyofyonzwa hupotea kama joto. Fluoresini, kwa kuwa pete zake zimeshikana, hutoa nuru ya kijani ya takriban nanomita 515. Oksijeni za pembeni zikibadilishwa na naitrojeni, hupatikana jamii ya rodamini, ambayo mng'ao wake huelekea manjano na nyekundu.

Ukokotoaji

Kuunda kila molekuli maabarani ili kuijaribu ni ghali. Nadharia ya msongamano wa elektroni, iliyoasisiwa na Walter Kohn na wenzake mwaka wa 1964 na 1965, kisha ikapanuliwa na Runge na Gross mwaka wa 1984, huiwezesha tarakilishi kukadiria nishati ambayo molekuli hufyonza na kutoa. Aghalabu hutokea kosa la elektroni-volti 0.2 au 0.3. Kosa hilo ni dogo kwa hesabu, lakini laweza kutabiri manjano pahali pa kijani. Hivyo basi, matokeo ya tarakilishi sharti yalinganishwe na vipimo vya maabara.

Hitimisho

Suala hili lina funzo kwa wanaistilahi pia. Kitenzi kung'aa hutumiwa kwa dhahabu, kwa ukanda unaoakisi na kwa rangi yenye floresensi. Mwanariadha anayeuziwa "nguo inayong'aa" hawezi kujua kama itamfaa alfajiri au usiku wa giza. Kuakisi na kufyonza kisha kutoa nuru ni michakato miwili tofauti. Kiswahili kinastahili kuitenganisha kwa istilahi, kwani usalama wa mtu barabarani waweza kutegemea tofauti hiyo.