Anga Jeupe la Kiangazi na Mti Uliopukutika

Kaskazini mwa dunia, anayetaka kupiga picha ya mti usio na majani husubiri theluji. Mwingereza Michael Kenna amepata sifa kubwa kwa picha za aina hiyo alizopiga katika kisiwa cha Hokkaido, Japani: mti mmoja mweusi, na pande zote weupe mtupu. Kwetu Nyamisangura, Tarime, nchini Tanzania, ni chini ya digrii 2 kusini mwa ikweta. Theluji haipo, na urefu wa mchana karibu haubadiliki mwaka mzima. Huku kinachoivua miti majani ni kiu. Mvua zinapokatika, mizizi hushindwa kufidia maji yanayopotea kupitia majani, na mti hujinusuru: seli za mahali kikonyo kinaposhikana na tawi hulegea, jani likadondoka. Kufikia Agosti, baadhi ya miti ya porini imebaki matawi na miiba.

Msimu huohuo anga nalo hubadilika. Baada ya mvua huwa la buluu, kwa sababu molekuli za hewa hutawanya mwanga wa buluu zaidi kuliko mwekundu. Kiangazini vumbi hupanda na moshi wa nyasi zinazochomwa hutanda. Chembe hizo ni kubwa kuliko molekuli, nazo hutawanya rangi zote karibu sawasawa, hivyo anga huwa jeupe kama maziwa. Wapo wapigapicha wanaoliita anga baya na kuweka kamera kabatini hadi mvua zirudi. Kwa anayependa picha za nyeusi na nyeupe, mimi naona hicho ndicho kipindi bora cha mwaka.

Sababu imo ndani ya jicho. Mwaka 1865 mwanafizikia Ernst Mach alieleza kwamba panapokutana sehemu nyeusi na nyeupe, jicho huongeza chumvi: upande wa giza huonekana mweusi zaidi, na upande wa nuru mweupe zaidi. Baadaye Mmarekani Haldan Keffer Hartline, aliyechunguza jicho la kiumbe wa baharini mwenye gamba gumu, alionyesha jinsi jambo hilo linavyotokea: seli inayopigwa na mwanga huzipunguzia nguvu seli jirani. Alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1967. Maana yake ni kwamba ubongo hupata habari nyingi zaidi za mipaka kuliko za eneo lililo sawa. Kwenye anga jeupe, kila mpaka unaoonekana ni wa mti: kijiti, mwiba, kiota kilichoachwa. Ingiza nguzo ya umeme au paa la bati, na jicho limepata kazi nyingine.

Kwa hiyo nafasi tupu inafanya kazi kubwa kwenye picha, nayo inaanza kutafutwa kwa miguu kabla ya kukatwa kwa programu. Tarime ni nchi ya milima. Teremka hadi uwe chini kuliko mti, uchutame, na vilima vya nyuma vitazama hadi shina lisimame angani peke yake. Kisha ongeza mwangaza. Kamera ikiachwa ijiamulie hudhani kila kitu ni kijivu cha wastani, na anga jeupe litatoka limefifia kama wingu la mvua; pandisha mwangaza hatua moja au mbili.

Ukataji uje mwisho, na ujue bei yake. Picha ya pikseli milioni 24, yaani 6000 kwa 4000, ukiikata iwe mraba inabaki na milioni 16. Ukichukua nusu ya upana na nusu ya urefu, unabaki na milioni 6 tu, na kwa chapa ya pikseli 300 kila inchi utapata picha ya inchi 10 kwa karibu inchi 7. Mimi hukata kwa kuangalia ncha za matawi. Ama ziachiwe hewa ya kutosha, ama zikatwe waziwazi. Ncha inayogusa ukingo huvuta jicho nje ya picha. Mti ulioinamishwa na upepo uachiwe nafasi upande unakoinamia.

Hata hivyo, kuna sababu nzito ya kutoitupa picha nzima, na iko jirani kabisa, Serengeti. Mwanaikolojia Anthony Sinclair na wenzake walilinganisha picha zilizopigwa kutoka mahali palepale kwa miaka tofauti, na miti ilionekana ikiongezeka. Mzizi wa mabadiliko hayo ulikuwa ugonjwa. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioua nyumbu pia, ilipotoweka mbugani baada ya ng'ombe kuchanjwa, nyumbu waliongezeka kutoka chini ya laki tatu mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja miaka ya 1970. Walikula nyasi, moto ukakosa cha kuunguza, miche ikapona. Ushahidi wa picha za namna hiyo mara nyingi umo pembeni, kwenye uwanda uliokuwa mtupu siku ya kwanza. Msanii angeukata bila kusita.

Basi ikatwe nakala. Ile ya awali ihifadhiwe ilivyo, pamoja na tarehe, mahali uliposimama na upande ulioelekea, ili mtu mwingine aweze kusimama hapohapo kiangazi cha 2050.